Jimi Hendrix: Mcheza Aliyetunzwa Ugenini

WAHENGA walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ni ya kweli mara nyingi, lakini maisha ya Jimi Hendrix, mpiga gitaa mashuhuri wa Marekani, yaliipinga mara mbili. Kwanza, hakutunzwa kwao. Ilimbidi avuke bahari ndipo atambulikane. Pili, tuzo yenyewe alipoipata ilimgeukia ikawa pingu.

Hendrix alizaliwa tarehe 27 Novemba 1942 katika mji wa Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani. Wazee wake walikuwa watu weusi wasio na kitu, na ndoa yao haikudumu. Mamake alifariki mwaka 1958, mtoto akiwa na miaka 15. Udogoni mwake alizoea kuushika ufagio na kuupiga kana kwamba ni gitaa. Baadaye akaokota kinanda kidogo kilichobakiwa na uzi mmoja tu, naye akawa kutwa anatafuta sauti zote katika uzi ule mmoja. Hatimaye akapata gitaa la kweli, kuukuu, la dola 5.

Hapo ikazuka shida. Kijana alikuwa mashoto, na magitaa hutengenezewa watu wa mkono wa kulia. Babake naye, yasimuliwa, hakupendezwa kumwona akitumia shoto. Mwengine angejilazimisha kufanya kama wenziwe, au angeliweka gitaa chini. Hendrix aliligeuza juu chini, akazifunga nyuzi upya kwa namna iliyomfaa, akaendelea. Hata alipokuwa na fedha za kununua alitakalo, alizidi kununua magitaa ya mkono wa kulia na kuyapindua. Wala hakujua kusoma noti za muziki. Chuo chake kilikuwa masikio yake na santuri za wapigaji bluzi wa zamani.

Mwaka 1961 alikamatwa akiwa ndani ya magari ya wizi, akapewa kuchagua jela au jeshi. Akaingia jeshi, akawa askari wa kuruka na mwamvuli, akatoka mwaka uliofuata. Tangu hapo akawa mpigaji wa kuajiriwa, akizunguka miji ya Marekani nyuma ya waimbaji wenye majina kama Isley Brothers na Little Richard. Kazi ile ilikuwa na amri zake: mavazi sare, hatua sare, na mpigaji asimzidi bwana wake kung'ara. Hendrix alikaripiwa kwa mashati yake na kwa kulifanya gitaa liseme kuliko lilivyotakiwa. Mwaka 1965 alitia saini mkataba wa miaka mitatu kwa malipo ya mkononi ya dola moja tu. Mkataba ule wa haraka ulimwandama kwa kesi karibu maisha yake yote yaliyobaki.

Jambo jingine lilimzuia: aliionea haya sauti yake. Alidhani hajui kuimba. Alipomsikia Bob Dylan, ambaye sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na watu wakamsikiliza kwa sababu alikuwa na la kusema, Hendrix akapata moyo. Alifahamu kuwa mwimbaji haimpasi kuazima koo la mtu.

Mwaka 1966 Chas Chandler, aliyekuwa mpigaji wa kundi la The Animals la Uingereza, alimwona akipiga katika mkahawa mmoja mjini New York. Akamchukua London mwezi Septemba mwaka huo. Katika muda wa miezi michache wapiga gitaa wakubwa wa Uingereza walikuwa wakienda kumtazama kwa mshangao. Juni 1967 alirudi Marekani kwenye tamasha la Monterey, na huko, mbele ya umati, akalitia moto gitaa lake. Kwao wakamjua sasa, lakini walimjua kwa moto ule.

Na hapa ndipo penye fundisho. Kila alipokwenda, watu walitaka apige gitaa kwa meno, alipige mgongoni, alichome. Yeye alikuwa amekwisha fika mbali. Alitaka wakae wasikilize. Alikuwa akisema muziki wake ni ibada ya umeme, kitu cha kuingia rohoni kikaamshe kilicholala. Aliona pia kuwa bluzi ni nyepesi kuipiga lakini ni nzito kuihisi. Yatajwa kuwa aliwashangaa waliomwiga, kwani wengine waliiga hata makosa yake!

Januari 1969, katika kipindi cha televisheni ya BBC kilichokuwa kikienda moja kwa moja hewani, alianza wimbo alioagizwa, akaukata katikati, akapiga wimbo wa kundi la Cream lililokuwa limevunjika, kwa kuwaheshimu, mpaka saa ya kipindi ikapita. Wenye kipindi walikasirika. Lakini kitendo kile chaonyesha mtu aliyechoka kuwa sanduku la nyimbo, unatia senti nalo laimba.

Mwaka huo huo alikwenda Morocco kupumzika. Watu wengi husema kuwa wimbo wake Castles Made of Sand ulitokana na magofu ya Essaouira. Si kweli. Wimbo ulitoka mwaka 1967, kabla hajakanyaga nchi hiyo. Ndivyo jina kubwa lilivyo, huzaa hadithi zake lenyewe.

Aliporudi, asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969 alipanda jukwaani Woodstock. Waliokuwa wamehudhuria tamasha lile walikisiwa kuwa 400,000, lakini wengi walikuwa wamekwenda zao. Pale akaupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa peke yake, na ndani yake mkasikika milio ya mabomu, wakati vita vya Vietnam vikiwaka. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alijibu kwa upole kuwa yeye ni Mmarekani, skuli walimwimbisha wimbo huo, na kwake yeye alivyoupiga ulikuwa mzuri.

Agosti 1970 alifungua studio yake mwenyewe mjini New York, Electric Lady, apate kutengeneza muziki bila ya kuhesabiwa saa na mtu. Hakuifaidi. Tarehe 18 Septemba mwaka huo alifariki London baada ya kumeza vidonge vingi vya usingizi. Alikuwa na miaka 27. Alizikwa Renton, karibu na Seattle. Babake alipigania mahakamani haki za kazi zake, akazipata mwaka 1995. Studio ile ingali ikifanya kazi hata leo.

Basi, msomaji, umaarufu wa Hendrix haukutimiza miaka minne. Waliotaka afanane na wengine aliwashinda kwa kuligeuza gitaa. Waliomtaka afanane na Hendrix wa jana ndio waliomwelemea, na hao hawakuwa maadui zake, walikuwa wapenzi wake. Na sisi tunaowatunza wasanii wetu tujiulize: tunapotoa tuzo, tunamfungulia mtu njia, au tunamfunga pale pale alipotufurahisha mara ya kwanza?