Monica Wilson

Monica Wilson (jina la kuzaliwa: Monica Hunter, Lovedale, 3 Januari 1908 – Hogsback, 26 Oktoba 1982) alikuwa mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini. Anajulikana hasa kwa vitabu vyake juu ya Wapondo wa Afrika Kusini na Wanyakyusa wa kusini-magharibi mwa Tanzania, ambamo alieleza ujirani, utawala, dini, maradhi na uponyaji.

Katika Tanzania anakumbukwa pia kwa kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu watu wa ushoroba ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Eneo hilo siku hizi limo kwa sehemu kubwa katika mikoa ya Mbeya, Songwe na Rukwa. Ndani yake zimo Mbozi, Ileje, Mpemba na Tunduma, pamoja na nchi jirani za Wanyamwanga na Walambya ambazo mipaka ya kikoloni ilizigawa kati ya Tanzania, Zambia na Malawi.

Utoto na elimu

Monica alizaliwa katika misheni ya Lovedale, Rasi ya Mashariki. Baba yake, David Hunter, alikuwa mmisionari. Mama yake aliitwa Jessie McGregor. Lovedale ilikuwa miongoni mwa shule zenye sifa kubwa za Waafrika wakati huo, na Monica alianza masomo yake hapo pamoja na watoto Waafrika. Alikua akisikia Kixhosa tangu utotoni, jambo lililomsaidia sana baadaye.

Baada ya sekondari huko Port Elizabeth alikwenda Uingereza, katika Chuo cha Girton cha Chuo Kikuu cha Cambridge. Alianza na historia, kisha akahamia anthropolojia. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1934.

Kwa ajili ya shahada hiyo alifanya utafiti kati ya Wapondo. Hakuishia vijijini tu: aliwafuata pia watu waliohamia mjini East London, na wale walioishi kama vibarua katika mashamba ya Wazungu. Matokeo yalitoka mwaka 1936 katika kitabu Reaction to Conquest. Wakati huo wataalamu wengi walipenda kueleza kabila kana kwamba halijawahi kuguswa na dunia. Yeye aliandika juu ya kodi, ardhi iliyopotea, ajira na kanisa kama sehemu ya maisha ya Wapondo.

Unyakyusa, 1935–1938

Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia Mwingereza, mwana wa John Dover Wilson aliyekuwa mtaalamu maarufu wa Shakespeare. Wote wawili walipitia semina ya Bronislaw Malinowski huko London, ambako wanafunzi walifundishwa kwamba mtafiti anatakiwa kukaa na watu, kujifunza lugha yao na kuona mambo kwa macho yake.

Godfrey alikuwa ametangulia Unyakyusa mwaka 1934. Monica alimfuata baada ya ndoa, wakafanya kazi huko hadi mwaka 1938. Nchi hiyo, ambayo leo ni wilaya za Rungwe na Kyela, ilikuwa tayari na wamisionari wa Kijerumani tangu mwaka 1891. Watu walilima kahawa milimani na mpunga bondeni, na vijana wengi walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Wilson na mumewe walijifunza Kinyakyusa. Walisaidiwa sana na wakalimani na makarani wenyeji, akiwemo Leonard Mwaisumo, ambaye mchango wake katika kukusanya na kutafsiri habari umetambuliwa zaidi na waandishi wa siku za karibuni.

Vijiji vya marika

Jambo lililowavutia zaidi lilikuwa mpangilio wa vijiji. Katika sehemu nyingi za Afrika watu wa ukoo mmoja hujenga pamoja. Kwa Wanyakyusa wa wakati huo waliojenga pamoja walikuwa watu wa rika moja. Wavulana wa umri wa miaka 10 au 11 waliondoka katika kijiji cha baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni. Walilala huko, ingawa waliendelea kula kwa mama zao mpaka walipooa. Baadaye walileta wake zao hapohapo, na kibanda cha watoto kikawa kijiji kamili cha watu wazima.

Wilson alieleza kwamba sababu kubwa ilikuwa heshima baina ya vizazi. Mkwe wa kike hakutakiwa kukutana na baba mkwe wake, na mambo ya unyumba ya wazazi na ya watoto yalipaswa kuwa mbalimbali. Takriban mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa ya kukabidhi utawala, ambapo wazee waliwaachia wana wao uongozi wa nchi.

Kitabu alichoandika juu ya vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951 kwa jina la Good Company. Jina hilo linatokana na neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kula na kunywa na wenzako na kuzungumza. Kwa mujibu wa Wilson, Wanyakyusa waliona kwamba mtu hupata hekima na adabu kwa kukaa na wenzake, na kwamba anayekula peke yake ana kasoro.

Ugonjwa, hasira na uponyaji

Sehemu kubwa ya maandishi yake inahusu afya jinsi wenyeji walivyoielewa. Wanyakyusa walimwambia kwamba ugonjwa unaweza kuletwa na wachawi wanaotamani nyama na maziwa ya jirani, na kwamba wachawi hao wana chatu tumboni. Lakini katika kila kijiji walikuwepo pia walinzi, abamanga, walioaminiwa kuona wachawi usiku na kupigana nao. Hasira ya haki ya majirani iliitwa pumzi ya watu. Iliweza kumletea homa mtu aliyekosa adabu, kwa mfano aliyewanyima wenzake chakula cha sherehe au kuwadharau wakwe zake.

Kwa hiyo tiba haikuwa dawa pekee. Waliogombana walitakiwa kutamka wazi chuki waliyoificha, kisha kupatana na kula pamoja. Katika vitabu Rituals of Kinship among the Nyakyusa (1957) na Communal Rituals of the Nyakyusa (1959) alichambua mila za mazishi, unyago, ndoa, uzazi na mapacha. Alionyesha kuwa watu waliogopa kwamba ibada ya mazishi isipokamilika, mfiwa anaweza kushikwa na wazimu.

Mwaka 1951 alilinganisha imani hizo na za Wapondo katika makala juu ya uchawi na muundo wa jamii. Huko Upondo hofu ya uchawi ilihusu zaidi tamaa za kimwili, wakati kwa Wanyakyusa ilihusu chakula. Alitafuta sababu ya tofauti hiyo katika namna watu wa kila upande walivyojenga, walivyooana na walivyogawana chakula.

Kifo cha Godfrey na miaka ya kufundisha

Mwaka 1938 Godfrey aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone katika Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia. Alichunguza maisha ya wafanyakazi wa migodi huko Broken Hill, leo Kabwe. Utafiti wake uliwachukiza wenye migodi na serikali, na msimamo wake wa kupinga vita uliongeza ugumu. Alijiuzulu mwaka 1941, akaingia kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini. Aliugua sonona, akajiua Mei 1944.

Monica aliachwa na watoto wawili wadogo, Francis na Timothy, pamoja na masanduku ya daftari za utafiti za watu wawili. Mwaka 1945 alitoa The Analysis of Social Change, kitabu walichokiandika pamoja. Vitabu vyote vikuu vya Unyakyusa vilitoka baada ya kifo cha mumewe, navyo vina sehemu kubwa ya habari alizokusanya Godfrey.

Alifundisha Fort Hare (1944–1946), chuo cha Waafrika ambako Z. K. Matthews alikuwa mwalimu, kisha Chuo cha Rhodes huko Grahamstown. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1973 alikuwa profesa wa anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Ushoroba wa Nyasa na Tanganyika

Mwaka 1955 Wilson alirudi Tanganyika. Safari hiyo ilizaa kitabu chembamba, The Peoples of the Nyasa-Tanganyika Corridor, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1958. Humo alitoka nje ya Unyakyusa na kuwatazama majirani wote wa nyanda kati ya maziwa mawili, wakiwemo Wanyiha, Wasafwa, Wanyamwanga na Walambya.

Aliwaona watu hao kama eneo moja lenye historia ya pamoja: watawala waliodai asili moja, ibada zilizovuka mipaka ya lugha, na mila za uzazi na mazishi zilizofanana. Hotuba yake ya Frazer, aliyoitoa Cambridge mwaka 1959, ilihusu watawala watakatifu wa sehemu hizo, yaani Lwembe wa Lubaga na Kyungu wa Ungonde, ng'ambo ya mto Songwe. Afya ya mtawala wa aina hiyo iliaminiwa kuwa ndiyo afya ya nchi, hivyo hakuachwa afe kwa ugonjwa.

Leo barabara kutoka Mpemba kwenda Isongole, Ileje, mpakani mwa Malawi, inapita katika nchi hiyohiyo. Kwa wanafunzi wa mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, kitabu hicho ni kati ya vichache vya zamani vinavyowaeleza watu wa sehemu hizo kwa pamoja badala ya kabila mojamoja.

Ubaguzi wa rangi na kisa cha Mafeje

Wilson alipinga siasa ya apartheid. Mwaka 1963 alichapisha Langa, kitabu juu ya mtaa wa Waafrika mjini Cape Town, pamoja na mwanafunzi wake Archie Mafeje, aliyefanya sehemu kubwa ya utafiti mtaani. Mwaka 1968 chuo kilimteua Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi, lakini baraza la chuo likabatilisha uteuzi huo kwa shinikizo la serikali. Wanafunzi walikalia jengo la utawala kwa siku tisa bila mafanikio. Mafeje alikwenda kuongoza idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971 aliandika makala mashuhuri akikosoa jinsi dhana ya ukabila ilivyotumika kueleza Afrika, akihoji misingi ya fani aliyofunzwa.

Pamoja na Leonard Thompson, Wilson alihariri The Oxford History of South Africa (1969 na 1971). Katika toleo la Afrika Kusini la juzuu ya pili, sura ya Leo Kuper juu ya utaifa wa Waafrika iliondolewa kwa hofu ya sheria, na kurasa zake zikaachwa tupu.

Miaka ya mwisho na urithi

Baada ya kustaafu aliishi Hogsback, karibu na alikozaliwa. Mwaka 1977 alitoa For Men and Elders, kitabu cha mwisho juu ya Wanyakyusa na Wangonde, kinachofuatilia mabadiliko ya miaka ya 1875 hadi 1971. Alionyesha jinsi uhaba wa ardhi, zao la kahawa na kazi za mbali zilivyovunja vijiji vya marika, na jinsi uhusiano wa vizazi na wa wanaume na wanawake ulivyobadilika. Mwaka 1981 alihariri tawasifu ya Z. K. Matthews. Alifariki mwaka uliofuata.

Wataalamu wengine wamesahihisha baadhi ya maelezo yake. Simon Charsley, katika kitabu cha mwaka 1969, alihoji picha yake ya utawala na vijiji vya Wanyakyusa. Hata hivyo vitabu vyake vimebaki kumbukumbu pana ya mila ambazo wazee wenyewe waliziacha. Karatasi zake na za Godfrey zilihifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, mbali sana na vijiji zilikoandikwa.