Kenyatta Mbele ya Kamera

Wanafunzi wanaosomea filamu katika vyuo vikuu vyetu hufundishwa majina ya mabingwa wa nadharia: Kuleshov na Eisenstein wa Urusi, Bazin wa Ufaransa, na wengineo. Sina ugomvi na mabingwa hao. Ninalolalamikia ni kwamba mwanafunzi aweza kupata shahada yake, akajua vyema namna Kuleshov alivyouweka uso uleule wa mwigizaji kando ya sahani ya supu na kando ya jeneza, hadhira ikaona njaa hapa na huzuni pale, na bado asijue kwamba rais wa kwanza wa nchi hii alipata kusimama mbele ya kamera za studio ya Uingereza, akiwa mmoja wa machifu wasio na majina katika filamu iliyotungwa kuusifu ukoloni. Mwalimu atakayeanzia hapo hatahitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Na kwa mwanafunzi aliyezaliwa Lodwar au aliyelelewa Kakuma, mfano huo uko mlangoni, kwa kuwa ni huko Turkana ambako mtu huyohuyo alifichwa kwa miaka minane asionekane na kamera yoyote ya maana.

Habari za utoto wa Jomo Kenyatta zajulikana kwa wengi, nami nitazipita haraka. Alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Gatundu akiitwa Kamau wa Ngengi, akasoma kwa wamisionari wa Kiskoti wa Thogoto, akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone, kisha akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi kusoma mita za maji. Mwaka 1928 alikuwa mhariri wa gazeti la Muigwithania. Mwaka uliofuata chama chake kilimtuma London kupeleka malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi. Akarudi, akaondoka tena mwaka 1931, na safari hii hakuiona Kenya hadi mwaka 1946. Katika kipindi hicho alikaa pia Moscow, mwaka 1932 na 1933, akisoma siasa katika chuo cha wanamapinduzi wa Mashariki. Moscow ndio mji ulioanzisha chuo cha kwanza duniani cha kufundisha filamu, mnamo mwaka 1919. Yeye hakwenda kusomea filamu. Darasa lake la filamu lilimngojea London, nalo halikuwa na cheti.

Aliporudi London hakuwa na fedha. Akapata kazi mbili ambazo mtu wa taaluma yangu hawezi kuzitaja bila kusimama kidogo. Ya kwanza ilikuwa katika idara ya fonetiki ya University College, iliyoongozwa na Profesa Daniel Jones. Huko Kenyatta aliketi na mwanafonetiki Lilias Armstrong, akatamka maneno ya Kikuyu, akayarudia na kuyarudia, naye Armstrong akisikiliza kupanda na kushuka kwa toni na kuandika. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1940, Armstrong mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka 1937, na hadi leo sisi wanaisimu twakihesabu miongoni mwa maandiko ya msingi kuhusu toni za lugha za Kibantu. Kitabu hicho kilitegemea matamshi ya Kenyatta. Katika chumba kile alihitajiwa sauti tu; sura yake, mavazi yake na fikira zake havikuwa na kazi.

Kazi ya pili ilikuwa kinyume chake kabisa. Mwaka 1934 kampuni ya Alexander Korda ilikuwa ikitengeneza filamu ya Sanders of the River kutokana na hadithi za Edgar Wallace. Mwelekezi alikuwa nduguye, Zoltan Korda. Mwimbaji mashuhuri Mmarekani Mweusi, Paul Robeson, aliigiza kama Bosambo, na kijiji cha Kiafrika kikajengwa studioni Shepperton, karibu na London. Umati wa kijiji ulihitaji watu, nao wakaokotwa miongoni mwa Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza, wanafunzi na mabaharia. Kenyatta alikuwa mmoja wao. Alivikwa vazi la chifu mdogo, akasimama alipoambiwa asimame. Jina lake halimo katika orodha ya waigizaji. Hapa alihitajiwa mwili tu. Sauti yake haikuhitajika.

Mwanafunzi wa filamu na aitazame kazi hiyo kwa makini, kwani ina somo zima la uhariri. Kabla ya kazi ya studio, Zoltan Korda alikuwa amesafiri Afrika kwa miezi kadhaa akipiga picha za mito, wanyama na ngoma za watu wa sehemu mbalimbali. Mezani kwa mhariri, ngoma za watu wasiojuana ziliunganishwa na vichaka vya kupandwa vya Shepperton, ikazaliwa nchi moja ambayo haipo katika ramani yoyote, yenye wenyeji wanaopigana kila afisa wa Kizungu anapokwenda likizo na kutulia kila anaporudi. Hakuna aliyelazimika kusema uongo kwa mdomo. Uongo ulikaa kwenye maungio ya picha. Uso wa Kenyatta, kama ule wa mwigizaji wa Kuleshov, ulipewa maana na kilichowekwa kando yake.

Robeson, ambaye wakati huohuo alikuwa akijifunza Kiswahili na lugha nyingine za Afrika katika School of Oriental Studies mjini London, alikuja kuijutia filamu hiyo na kuikana hadharani. Kenyatta hakulifanyia kelele jambo hili. Kuna wanaomlaumu kwa ukimya huo, mimi simlaumu. Mtu mwenye njaa katika mji wa watu huuza alicho nacho, na yeye alikuwa na sauti na mwili. Lililo muhimu ni alichojifunza katika biashara hiyo.

Tuseme pia, kwa faida ya walimu, kwamba mwaka 1935, filamu hiyo ilipoanza kuonyeshwa, ndio mwaka ulioanza mradi wa sinema ya elimu kwa Waafrika huko Vugiri, Tanganyika, ulioendelea hadi mwaka 1937. Miongoni mwa Waingereza waliotengeneza filamu za makoloni ilienea nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, kwamba picha ya karibu humchanganya, na kwamba yafaa aonyeshwe mambo polepole na kwa urahisi. Hiyo nayo ni nadharia ya filamu, tena iliyotumiwa kwa vitendo katika Afrika yetu kwa miaka mingi, lakini ni nadra kuiona katika mitihani.

Jibu la Kenyatta lilitoka mwaka 1938. Alikuwa amesoma anthropolojia kwa Profesa Malinowski katika London School of Economics, na tasnifu yake ikachapishwa kuwa kitabu, Facing Mount Kenya. Mengi yameandikwa kuhusu kitabu hicho. Mimi nataka tutazame picha yake ya mwanzo tu. Mtu aliyezoeleka London akiwa ndani ya suti amesimama akiwa na ndevu, joho la ngozi begani na mkuki mkononi, akiugusa ncha kwa kidole kama anayejaribu makali yake. Vifaa ni vilevile vya Shepperton: ngozi, mkuki, chifu. Lakini safari hii aliyevaa ndiye aliyechagua, na kando ya picha hiyo pana kurasa mia kadhaa za maneno yake mwenyewe. Na jina jipya la Jomo likachapishwa juu ya jalada. Sauti iliyokodiwa na Armstrong na mwili uliokodiwa na Korda vilikutana hapo kwa mara ya kwanza, na mwenye navyo ndiye aliyevielekeza. Wapo watakaosema kwamba picha ile ni maigizo tu. Ni maigizo, naam. Ila si yale ya Korda.

Kuanzia hapo nitakaza mwendo. Vita vya Dunia vilimkuta akifanya kazi za shamba Sussex. Mwaka 1945 alihudhuria mkutano wa Waafrika mjini Manchester. Mwaka 1946 akarudi nyumbani na mwaka 1947 akawa rais wa KAU. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952 alikamatwa, akashtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, na tarehe 8 Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu.

Serikali ilimpeleka Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, na mwezi wa Aprili 1959 ikamhamishia Lodwar, kando ya mto Turkwel, akae humo chini ya amri ya kutotoka. Turkana haikuchaguliwa kwa sababu ya joto lake peke yake. Ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Wapiga picha hawakupita hapo kwa bahati. Mkewe, Mama Ngina, aliruhusiwa kuungana naye Lodwar, naye Mzee alitakiwa kujiandikisha mara kwa mara kwa mkuu wa wilaya. Mwaka 1960 Gavana Renison alimtangaza kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu wake gizani na mautini. Walowezi wengi waliamini kwamba kizee huyo amekwisha, akili na mwili. Wakati huohuo, katika mikutano ya KANU, watu wasiokuwa wamemwona kwa miaka minane waliimba jina lake. Kila upande ulikuwa na Kenyatta wake wa kuwazia, na serikali, kwa kuificha sura yake, ndiyo iliyowapa wote uhuru wa kuwazia. Wanafunzi huambiwa kwamba kisichoonekana ndani ya fremu huweza kuwa na nguvu kuliko kinachoonekana. Sijui mfano bora wa kanuni hiyo kuliko nyumba ile ya Lodwar.

Baada ya uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilikataa kuunda serikali bila yeye. Tarehe 23 Machi viongozi wa KANU na KADU walikwenda Lodwar kuonana naye. Mwanzoni mwa Aprili alihamishiwa Maralal, na tarehe 11 Aprili waandishi wa habari na wapiga picha wakaletwa mbele yake. Waliotarajia kumkuta mgonjwa aliyechoka walimwona mtu aliyenyooka, mwenye maneno yake na mzaha wake, aliyejua kamera iko wapi. Serikali ilikuwa imeandaa jukwaa, yeye akaliendesha. Mwezi wa Agosti mwaka huo alirudishwa nyumbani Gatundu.

Yaliyofuata hayataki wasifu mtupu. Akiwa Waziri Mkuu mwaka 1963, kisha Rais kuanzia mwaka 1964 hadi alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Mzee Kenyatta alikuwa bingwa wa sura yake mwenyewe: usinga, bakora, kofia ya shanga, picha ukutani katika kila duka. Lakini sheria ya filamu na michezo ya jukwaani iliyopitishwa mwaka 1962, kabla ya uhuru, ilibaki, pamoja na leseni zake. Mwezi wa Novemba 1977 mchezo wa wanakijiji wa Kamirithu, Ngaahika Ndeenda, uliochezwa kwa lugha yao, ulinyimwa kibali, na mwisho wa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila mashtaka. Aliyewahi kufichwa Lodwar alikuwa sasa ndiye mwenye ufunguo. Turkana nayo haikupata mengi kutoka kwa mgeni wake wa zamani.

Nalisisitiza hili kwa kuwa watu wa Turkana wameendelea kupigwa picha. Mwaka 1973 na 1974 David na Judith MacDougall, waliotoka katika shule ya filamu ya UCLA huko Marekani, walipiga filamu tatu za mazungumzo katika boma la mzee Lorang, wakawaacha wenyeji waseme Kiturkana na kuweka tafsiri chini ya picha. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa mtafsiri ana mamlaka yasiyoonekana. Kiturkana ni lugha ya toni, na humo toni husaidia kumtofautisha mtenda na mtendwa. Tena mwishoni mwa usemi hutokea irabu zisizo na mghuno ambazo kinasa sauti duni hakizisikii. Mhariri asiyejua lugha aweza kukata penye uhai wa sentensi.

Na Kakuma? Tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992 kupokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, wapiga picha wa dunia nzima wamepita hapo, nao wengi wao hutafuta uso wenye huzuni. Shirika la FilmAid lilipoanza kazi huko mwaka 2001 lilionyesha filamu jioni kwenye pazia kubwa juu ya lori, na baadaye likawafundisha vijana kushika kamera wenyewe. Tangu mwaka 2017 Lodwar nayo ina taasisi yake ya elimu ya juu. Filamu hufundishwa Nairobi, katika chuo kikuu chenye jina la Kenyatta mwenyewe. Bado kijana wa Kakuma anayetaka kuisomea hadi ngazi ya shahada hukabiliwa na karo, vibali vya kutoka kambini, na umbali.

Kwa walimu wa Lodwar na Kakuma nina zoezi moja lisilo na gharama kubwa. Waonyesheni wanafunzi kijisehemu cha Sanders of the River, kwanza bila sauti, kisha na sauti. Halafu picha ile ya mwaka 1938. Halafu picha za Maralal. Kisha badilisheni mpangilio, mwanze na Maralal na kumalizia na Shepperton, na mwambie kila mwanafunzi aandike, kwa lugha aliyonyonya kwa mamaye na kwa Kiswahili, kile ambacho uso uleule umekisema safari hii. Saa mbili zatosha, pamoja na muda wa kuwasha jenereta.