Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (1944 - Januari 1979) alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la solo kutoka Tanzania. Alijulikana kwanza na bendi ya Morogoro Jazz, kisha na bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Mashabiki walimpa jina la Soloist National kwa jinsi alivyolipiga gitaa. Alifariki akiwa na umri wa miaka 34 tu, lakini nyimbo zake zimebaki hasa midomoni mwa watu wazima. Katika baa, harusi na sherehe za familia huhesabiwa miongoni mwa nyimbo za zilipendwa ambazo wanaume wa makamo hupenda kuimba.

Morogoro Jazz

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, mwaka uleule ambao bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa. Mji wa Morogoro ulikuwa na ushindani mkubwa wa muziki wa dansi. Upande mmoja ulikuwa wa Morogoro Jazz, na upande wa pili ulikuwa wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mwimbaji aliyependwa nchi nzima. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, na Juma Kilaza akachukua uongozi wa Cuban Marimba.

Mbaraka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Muda si mrefu akawa nguzo ya bendi kwa gitaa na sauti. Wakati huo kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake wa kucheza na jina la mtindo huo. NUTA Jazz ya Dar es Salaam ilikuwa na Msondo, Western Jazz ilikuwa na Saboso, na Morogoro Jazz ilijulikana kwa Sululu.

Safari ya Japani

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, yaliyojulikana kama Expo 70. Maonyesho hayo yalianza tarehe 15 Machi na kumalizika tarehe 13 Septemba, na yalitembelewa na watu wapatao milioni 64. Yalikuwa ya kwanza ya aina yake kufanyika barani Asia. Tanzania ilikuwa na banda lake. Mbaraka aliirudisha safari hiyo nyumbani kwa njia ya wimbo uitwao Expo 70.

Mwaka uliofuata, 1971, katika mji wa Kobe ulio jirani na Osaka, mpiga muziki Inoue Daisuke alianza kukodisha kwa wenye baa mashine iliyopiga muziki bila mwimbaji, ili mteja aimbe mwenyewe. Huo ni mmoja wa mianzo ya karaoke, neno la Kijapani lenye maana ya okestra tupu. Wateja wa kwanza wa mashine hizo walikuwa hasa wanaume waliotoka kazini jioni, na nyimbo walizozichagua zilikuwa zile walizozijua tangu ujana. Desturi hiyo baadaye ilienea duniani, ikafika pia katika miji ya Afrika Mashariki.

Super Volcano

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Orchestra Super Volcano, iliyopiga mtindo wa Masika. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa ajili ya matangazo yake, na nyimbo zilipita kwanza kwenye kamati iliyokagua maneno. Bendi iliyotaka santuri ya kuuza ilibidi ishughulike na kampuni za Nairobi. Kwa njia hiyo Mbaraka alipata wapenzi wengi Kenya, na wimbo wa Shida ulivuma sana huko.

Nyimbo zake

Nyimbo nyingi za Mbaraka zinahusu mambo ya mtu mwenye majukumu. Shida inazungumzia matatizo ya maisha. Pesa No. 1 inahusu nguvu ya fedha katika mahusiano ya watu. Jogoo la Shamba imejengwa juu ya methali inayojulikana kuhusu jogoo wa shamba asiyewika mjini. Dr. Kleruu ni ya maombolezo ya Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyeuawa na mkulima Said Mwamwindi huko Isimani tarehe 25 Desemba 1971, wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa.

Muundo wa nyimbo hizo unafuata kawaida ya dansi la wakati huo. Sehemu ya kwanza huenda taratibu na hubeba kisa. Sehemu ya pili, inayoitwa chemko, huongeza kasi na kuwaachia nafasi wapiga magitaa na wachezaji. Sauti ya mwimbaji iko karibu na mazungumzo ya kawaida, na Kiswahili chake husikika neno kwa neno. Kwa sababu hiyo mtu asiye mwimbaji wa kazi anaweza kuziimba bila kupandisha sana sauti. Ugumu kwake uko kwenye chemko, kwa kuwa gitaa huchukua muda mrefu na mwimbaji hana budi kujua mahali pa kurudi.

Redio na mikoa ya mbali

Sehemu nyingi za nchi hazikuwahi kuiona Super Volcano jukwaani. Mfano ni wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mjini mwaka 1914, lakini wilaya hizo zilibaki mbali nayo, na kwa miaka mingi hazikuunganishwa na gridi ya taifa ya umeme. Muziki ulifika kwa redio ya betri. Redio na betri za aina ya National zilitengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda kilichoanzishwa miaka ya 1960 na kampuni ya Matsushita, yenye makao yake katika Mkoa wa Osaka.

Hadi miaka ya 1990 Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara, hivyo Waha wa Kasulu na Waluguru wa Morogoro walisikia nyimbo zilezile, kwa Kiswahili. Kijana aliyezisikia nyumbani kwao miaka ya 1970 alikuwa ameshazihifadhi kichwani alipofikia umri wa makamo.

Kifo

Mbaraka alipata ajali ya gari nchini Kenya na kufariki Mombasa mwezi Januari 1979. Kama ilivyokuwa kwa Salum Abdallah, barabara ilimchukua mwanamuziki angali na nguvu za kutunga. Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ilitoa mfululizo wa santuri zake kwa jina la Ukumbusho.

Urithi

Mbaraka hakuufikia umri wa wanaume ambao leo huzichagua nyimbo zake. Alizitunga akiwa kati ya miaka 20 na 34, lakini alichagua mada ambazo msikilizaji huzielewa zaidi kadiri miaka inavyosonga: deni, safari, ndoa, na rafiki anayetoweka fedha zikiisha.

Kupendwa huko hakukuwa na maana ya utajiri. Wanamuziki wa kizazi chake walifanya kazi kabla ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo hulinda kazi ya mtunzi katika maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Kwa Mbaraka, miaka hiyo 50 inatimia mwaka 2029. Hivyo nyimbo hizi, ambazo wengi huziona kuwa mali ya kila mtu, bado zina wenyewe.