Vivien Thomas, Fundi wa Moyo

Vivien Thomas alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana, Marekani, akakulia mjini Nashville. Baba yake alikuwa seremala, naye akaijua randa na msumeno angali mtoto. Alipomaliza sekondari alijiwekea akiba ili aingie koleji, kisha asomee udaktari.

Februari 1930, huku akingoja, alipata kazi katika maabara ya Dr. Alfred Blalock, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Mwaka huo huo benki ikafilisika na akiba yake ikapotea yote. Basi akabaki maabarani. Alijifunza kulaza wanyama kwa dawa, kupasua, kushona mishipa na kuandika matokeo, na vidole vilivyozoea useremala vikawa vyepesi mno. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, katika daftari la mishahara aliandikwa mfagizi.

Mwaka 1941 walihamia Johns Hopkins, Baltimore. Huko Dr. Helen Taussig alikuwa na watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro, damu haifiki mapafuni ya kutosha, midomo na kucha zikawa za buluu. Wengi walikufa wangali wadogo. Thomas akapewa kazi ya kutafuta njia. Aliwapasua mbwa wengi, akiunganisha mshipa uendao mkononi na ule wa mapafu, hata akahakikisha kwamba damu yapita.

Tarehe 29 Novemba 1944 aliletwa mtoto wa kike wa miezi 15. Blalock ndiye aliyeshika kisu, lakini hakukubali kuanza mpaka Thomas aitwe. Thomas akasimama nyuma yake juu ya kibao, akichungulia begani na kumwelekeza namna ya kushona. Hebu fikiri, msomaji: mwenye mshahara wa mfagizi anamwongoza profesa! Mtoto yule aliongezewa miezi kadhaa tu, lakini wengi waliomfuata walipona. Habari ilipochapishwa mwaka 1945, jina la Thomas halikuwamo.

Siku hizi huko Marekani, fundi wa vyombo vya moyo husoma koleji miaka miwili au zaidi. Thomas hakupata shahada hiyo, walakini aliwafundisha mafundi wa maabara na madaktari wapasuaji waliokuja kuwa mashuhuri. Mwaka 1976 Johns Hopkins ilimtunukia udaktari wa heshima. Ulikuwa wa sheria, si wa tiba. Alifariki Novemba 1985.