Lettow-Vorbeck na askari wake wakongwe

Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Ujerumani Afrika Mashariki katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alizaliwa mwaka wa 1870. Kabla ya kuja huku alishiriki katika vita dhidi ya Waherero nchini Namibia, doa lisilofutika katika maisha yake.

Mnamo Novemba 1914 aliwashinda Waingereza mjini Tanga, kisha akawakwepa kwa miaka minne hadi Msumbiji na Zambia ya leo. Alisalimu amri Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Wengi wa wapiganaji wake walikuwa Waafrika, nao walirejea makwao wakidai mishahara.

Hawakumsahau. Mnamo 1953, akiwa na umri wa miaka 83, alizuru Dar es Salaam na kulakiwa na askari waliokuwa wangali hai. Alipofariki jijini Hamburg mnamo Machi 1964, wawili kati yao walisafirishwa hadi Ujerumani kumzika.

Mwaka uo huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliosalia. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti vya 1918. Kila asiye na cheti alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea hata amri moja.

Malipo hayo yalikuwa ya askari. Wapagazi, waliobeba risasi na chakula cha jeshi hilo na kufa kwa maelfu kutokana na njaa na maradhi, hawakuwa na gwaride la kukumbuka.