Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, Mwalimu wa Watoto Maskini

Katika nchi ya Ufaransa kuna mji uitwao Reims. Huko, tarehe 30 Aprili 1651, alizaliwa Jean-Baptiste de La Salle. Baba yake alikuwa mwamuzi, na nyumba yao ilikuwa na mali na watumishi. Jean-Baptiste alikuwa kifungua mimba. Alipokuwa na umri wa miaka 15 tu alifanywa kanoniko wa kanisa kuu la Reims. Cheo hicho kilikuwa na heshima, tena kilimpa fedha kila mwaka. Mwaka 1678 akapata upadri.

Watoto wa maskini hawakuwa na bahati hiyo. Wazazi wao walishinda kazini tangu asubuhi hata jioni, na watoto walitangatanga njiani. Wale wachache waliopata shule walifundishwa hivi: mwalimu alikaa kitini, akamwita mtoto mmoja, mtoto akasoma kidogo katika kitabu alichotoka nacho nyumbani, akarudi mahali pake. Kisha akaitwa mwingine. Wengine wote walingoja tu, wakicheza na kugombana.

Tena desturi ya siku zile ilikuwa kusoma Kilatini kwanza. Mtoto alitamka maneno asiyojua maana yake. Kabla hajafika kwenye kitabu cha Kifaransa, lugha ya mama yake, baba alimtoa shuleni akamtia kazini. Basi alitoka mikono mitupu: Kilatini hakujua, Kifaransa hakuweza kukisoma. Na watu walimwita mjinga.

Mwaka 1679 alifika Reims mtu mmoja jina lake Adrien Nyel. Alitaka kufungua shule ya bure kwa wavulana maskini. Padri de La Salle alimsaidia, akifikiri ya kuwa kazi yake itakwisha upesi. Lakini aliona walimu wenyewe wana shida. Walikuwa watu wa elimu ndogo, hawakuwa na utaratibu, na hakuna aliyewaonyesha namna ya kufundisha. Mwanzoni yeye mwenyewe aliwahesabu kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani. Hata hivyo aliwaita mezani kwake, na mwaka 1681 akawakaribisha wakae nyumbani mwake. Jamaa zake wakakasirika sana.

Walimu hao walikuwa na hofu ya kesho. Padri aliwaambia wamtegemee Mungu. Wao wakamjibu ya kuwa maneno hayo ni mepesi kwa tajiri: shule ikifa, yeye atabaki na mali yake, nao watabaki na njaa. Jibu hilo lilimchoma moyo, kwa maana aliona ni kweli. Mwaka 1683 aliacha cheo cha kanoniko. Njaa ilipoingia katika nchi, akawagawia maskini mali yake kwa mikate. Sasa alikuwa maskini pamoja na walimu wake. Wakaitwa Ndugu wa Shule za Kikristo.

Ndipo wakatafuta pamoja namna ya kuwasaidia watoto walioshindwa kusoma. Kwanza, watoto walianza na Kifaransa. Padri de La Salle hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo, lakini alishika neno hilo kwa nguvu, hata wakubwa walipomwuliza sababu. Alijua ya kuwa mtoto husoma upesi lugha anayoisema, na ya kuwa mtoto wa maskini hana miaka mingi ya kukaa shuleni. Kilatini kilikuja nyuma.

Pili, hawakufundisha tena mtoto mmoja mmoja. Waliokuwa katika somo moja walishika kitabu kimoja. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakafuata kimya, kwa maana kila mmoja aliweza kuitwa ghafula. Msomaji akikosea, mwalimu hakupiga kelele. Aligonga kijiti, na mtoto akarudia neno lake. Akishindwa, mwenzake alimsahihisha.

Tatu, walipanga ngazi. Herufi na silabi ziliandikwa kwa maandishi makubwa, zikatundikwa ukutani wote wazione. Baadaye vilikuja vitabu, kimoja kigumu kuliko kingine. Mwishowe mtoto alisoma karatasi zilizoandikwa kwa mkono, kama hati za deni na za mapatano ya kazi, ili asidanganywe atakapokuwa mtu mzima. Kila mwezi watoto walijaribiwa. Mtoto hakupanda ngazi kabla hajaijua ile ya chini.

Nne, mwalimu alipaswa kumjua kila mtoto. Mtoto asipofika shuleni, sababu ilitafutwa. Tabia ya kila mmoja iliandikwa, na mtoto mwenye kucheza aliwekwa kati ya watoto wawili watulivu.

Kazi hiyo ilipata maadui. Mwaka 1688 Padri de La Salle alifika Paris, na shule zake zilijaa watoto. Walimu waliofundisha kwa malipo waliona wanafunzi wao wanapungua. Mwaka 1704 walimshitaki. Vyombo vya shule vilichukuliwa, naye akatozwa faini. Hakuacha kazi. Alikwenda karibu na mji wa Rouen, mahali paitwapo Saint-Yon, akaendelea huko.

Mambo yote waliyojifunza aliyaandika katika kitabu cha kuongoza shule. Hakukiandika peke yake chumbani. Aliwauliza Ndugu wenye kazi ya miaka mingi, na jambo lililojaribiwa darasani likafaa, ndilo lililoandikwa. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1720, lakini yeye hakukiona, kwa sababu alikufa Saint-Yon, Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Mwaka 1900 Papa Leo XIII alimtangaza kuwa mtakatifu, na mwaka 1950 Papa Pius XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu wote.

Watoto, mwenzenu akikwama katika kusoma, msimcheke. Huenda hajapata bado njia inayomfaa. Mtakatifu de La Salle alikuwa msomi na tajiri, lakini alikubali kufundishwa na walimu maskini, na hata na watoto walioshindwa, mpaka akaiona njia hiyo.

MASWALI

1. Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Zamani, watoto maskini walishindwa kusoma kwa sababu gani?
3. Kwa nini aliacha cheo cha kanoniko?
4. Eleza mambo manne waliyoyabadilisha katika shule.
5. Wewe unaweza kumsaidia namna gani mwenzako asiyejua kusoma vizuri?