Edouard Empain, mtu wa reli ambayo haikufika Ituri

Kutoka Bunia mpaka Kisangani, mtu anapita Komanda na Mambasa, na wakati wa mvua makamiyo yanakwama kwenye matope. Wachache wanajua kwamba zaidi ya miaka 120 iliyopita, reli ilipangwa kupita katika pori hilo hilo. Mwenye mpango alikuwa Mbelgiji mmoja, Edouard Empain.

Empain alizaliwa mwaka wa 1852 huko Beloeil, Ubelgiji, mtoto wa mwalimu wa shule. Alianza kazi kama mchoraji wa mipango katika kampuni ya vyuma. Huko akaona jambo moja: treni kubwa zilipita kati ya miji mikubwa, lakini watu wa miji midogo walitembea kwa miguu. Mwaka wa 1881 alianza reli ndogo ya kutoka Liège mpaka Jemeppe, akafungua na benki yake. Umeme ulipokuja, aliushika haraka. Kampuni ya kundi lake ndiyo ilifungua metro ya Paris mwaka wa 1900.

Mwezi wa kwanza 1902, Mfalme Leopold II alimpa kazi ya Kongo. Hapo ikazaliwa kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa jina la CFL. Mpango wa kwanza ulikuwa kuunganisha Stanleyville, Kisangani ya leo, na Mahagi karibu na ziwa Albert. Kampuni iliahidiwa hekta milioni 4 za udongo, eneo linalopita nusu ya jimbo lote la Ituri. Wenye udongo hawakuulizwa.

Wapimaji waliingia porini, lakini pori lilikuwa zito na gharama ikaonekana kubwa mno. Kampuni ikageukia mto Lualaba, mahali maporomoko yalizuia meli. Reli ya Stanleyville mpaka Ponthierville, yaani Ubundu, kilometa 125, ilikwisha mwaka wa 1906. Ikafuata Kindu mpaka Kongolo, halafu Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie, mwaka wa 1915. Jasho la kazi hiyo lilikuwa la Wakongo.

Wakati huo huo, Empain alikuwa Misri. Alinunua jangwa kando ya Cairo, akajenga mji mpya wa Heliopolis. Reli ya umeme iliuunganisha na katikati ya Cairo. Treni ilileta watu, na watu wakapandisha bei ya viwanja vyake. Bila treni, mchanga ule haungekuwa na bei.

Ituri, hesabu ilikuwa tofauti. Reli haikufika, lakini kampuni haikupoteza haki zake za udongo huku mashariki. Mwaka wa 1928 haki hizo zikaingizwa katika Comité National du Kivu.

Empain alikufa mwaka wa 1929 nchini Ubelgiji, akazikwa katika kanisa kubwa la Heliopolis. Mwaka wa 1937, reli nyembamba ya kampuni nyingine, Vicicongo, ilifika Mungbere, jirani na Ituri, ikaishia hapo. Mizigo ya kwenda Bunia ilishushwa na kupakiwa kwenye makamiyo. Mpaka leo, Bunia haina stesheni. Kila mara mradi wa njia unapotangazwa, swali la kuuliza ni lile lile: nani anapewa udongo, na kama njia haikujengwa, je, ataurudisha?